Ubeti wa Nne

"Ratiba?" Dilwyn Pugh aliuliza, kama mtu aliyeulizwa mama yake anauzwa bei gani.

"Ratiba tu, Dilwyn. Nani anaimba, wimbo gani, saa ngapi," alisema Eirwen Bebb, mwenyekiti wa kamati ya wageni. "Mtu akitoka Uingereza na basi lake anataka kujua anakuja kusikiliza nini."

"Plygain haina ratiba. Kasisi anamaliza sala, anakaa, anayejisikia kuinuka anainuka. Ndivyo zinavyoimbwa nyimbo za Krismasi hapa tangu kanisa halina vioo. Weka ratiba uone kama itabaki Plygain."

"Basi niandikie kitu kingine. Chochote. Mji unakufa, wewe unanisomea sheria!"

Hapo alimgusa penye kidonda, maana Tremeilir, mji mdogo wa Welisi, ulikuwa unakufa kweli na kila mtu alikiona kifo chake kikija. Mnada wa kondoo wa kila Jumatano ulikuwa umefungwa miaka minne iliyopita, mazizi ya chuma yakang'olewa na kupelekwa kusikojulikana. Benki ikafuata. Bucha la akina Vaughan, ambamo vizazi vitano vilipimiwa nyama na umbea kwa mizani moja, sasa lilikuwa linauza mishumaa yenye harufu ya maua. Kilichosalia ni Nyumba ya Soko, imesimama katikati ya barabara juu ya miguu yake ya mwaloni, pamoja na saa yake inayochelewa. Dilwyn ndiye aliyeitia ufunguo saa hiyo mara mbili kwa wiki, na kwa sababu hiyo mji mzima ulimwita Dilwyn wa Saa. Ndiye pia aliyewaonyesha wageni chumba cha chini ya ngazi walimofungiwa wezi wa kondoo, na jiwe walilokalia wanawake waliouza soksi za sufu. Akakubali kuandika. Kijitabu cha kurasa nane, kichwa chake *Historia na Vivutio vya Tremeilir*, kitoke kabla ya Krismasi.

Alikuwa mzee wa miaka sabini ambaye hakuwahi kuombwa aandike kitu tangu atoke shule. Novemba yote mvua ilinyesha, naye akakaa mezani akiandika, akifuta, akijisomea kwa sauti. Ukurasa wa tano aliuweka kwa ajili ya Plygain yenyewe, na humo akaandika, tena kwa wino mzito: "Wimbo ukishaimbwa jioni hiyo, haurudiwi na mtu yeyote." Alipofika ukurasa wa sita, wa wanawake wa soksi, kichwa kilianza kumvimba. Aliandika habari za Lowri Pugh, nyanya wa babu yake, aliyekuwa akishuka mlimani kila siku ya soko huku akifuma njiani, mguu unatembea na mikono inatembea, na kwamba katika njia hiyo Lowri alitunga wimbo wa Krismasi ambao ukoo wake unauimba mpaka leo. Angeishia hapo lisingeharibika neno. Lakini sifa haishibishi. Akauandika na wimbo wenyewe, maneno na noti zake.

Kitabu cha Lowri chenye wimbo huo hakukitoa nje ya ukoo, maana hilo lilikatazwa na kila mfu wa ukoo ule. Kilikuwa mahali pake, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha dada yake Morfudd. Dilwyn aliandika kutoka kichwani, akajiambia kwamba kwa hiyo hajavunja mwiko. Na wala hakuona hatari. Katika Tremeilir wimbo wa ukoo ni wa ukoo, kama alama ya sikio la kondoo. Wimbo wa akina Pugh mji mzima uliujua, watoto waliukariri wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, na katika miaka mia moja na themanini hakutokea mtu hata mmoja, mlevi wala mwendawazimu, aliyefungua kinywa kuuimba. Haikumpitikia Dilwyn kwamba mtu anaweza kuuona wimbo wa watu akadhani ni wa kuimba tu.

Wiki moja baadaye Eirwen alimpigia simu. "Ukurasa wa sita umejaa. Wimbo una beti nne, mpiga chapa anasema zinaingia tatu. Tukate upi?"

Dilwyn alifikiri kidogo. "Wa nne," alisema. "Wageni hawatauelewa."

Beti tatu za kwanza zilikuwa za nyota, wachungaji na hori, mambo ambayo kila wimbo wa Krismasi unayo. Ubeti wa nne Lowri aliuongeza baadaye, baridi ile iliyomchukua mwanawe wa miaka minne. Alimzika Jumatatu na Jumatano akashuka sokoni na soksi zake, kwa sababu waliobaki walikuwa wanataka kula. Ubeti ulikuja njiani:

*Mlango wa zizi lako ni mfupi, Bwana,*
*mwanangu amepita bila kuinama;*
*mimi niliyerefushwa na huzuni*
*nifundishe kuingia.*

Huo ndio uliokuwa ukingojewa kila mwaka. Wanaume waliouza kondoo mia bila kupepesa macho waliiangalia sakafu ulipofika.

Dilwyn alipanga kumshtukiza dada yake na kijitabu siku ya Krismasi, jina lake yeye mwenyewe likiwa limepigwa chapa chini ya ukurasa wa sita. Lakini siku vijitabu vilipoletwa, na Eirwen akawatumia wageni nakala kwa posta, ndiyo siku Morfudd aliporudi kutoka hospitali, akavua kofia, akakaa jikoni bila kuvua koti. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Daktari alikuwa ametaja majira ya kuchipua kwa namna ya mtu anayetaja nchi ya mbali. Dilwyn alikipeleka kijitabu chake kwenye chumba cha saa, akakisukuma nyuma ya mashine, asijue hasa kwa nini.

"Daktari kasema nisipande ngazi," Morfudd alisema mchana mmoja wiki mbili kabla ya Plygain. Walikuwa wanafanya mazoezi jikoni, mkate wa zabibu kavu mezani na chai imepoa. "Hakusema nisiimbe."

"Hukumuuliza."

"Ningemuuliza angesema. We vipi? Kubwa jinga." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa meza mpaka kikapita. Alikuwa na miaka sabini na minne na wembamba wa ufagio. "Haya. Tena. Na usikimbie kwenye wa pili, hakuna anayekufukuza."

Tangu baba yao afariki waliimba wawili tu, Morfudd akibeba sauti ya juu na Dilwyn ya chini. Walianza. Ubeti wa kwanza ulikwenda, wa pili ukaenda, wa tatu Morfudd aliumalizia kwa pumzi ya kukopa, kisha akainua mkono kuomba subira. Dilwyn alitazama dirishani asimwone akihangaika.

"Tuimbe beti mbili tu mwaka huu, dada. Watu wataelewa."

"Zile tatu ni ngazi tu, Dil. Mimi nakwenda wa nne." Alifuta midomo kwa leso. "Sikiliza. Sitaki maua, sitaki mtu aje kunishika mkono kitandani akaniambia napendeza. Nataka kuuimba huo wimbo mara moja tena mbele ya watu, wote mpaka mwisho, na wewe pembeni yangu. Halafu Mungu afanye atakalo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Usiniangushe basi."

"Nimewahi kukuangusha?"

"Kwenye baiskeli. Mwaka wa sitini na moja." Akaanza tena, safari hii bila kumngoja, na akafika wa nne, akaumaliza.

Dilwyn alirudi kwake jioni hiyo akiwa karibu na furaha. Kijitabu alikuwa amekisahau kabisa.

Jumapili baada ya Krismasi mabasi mawili yaliegeshwa chini ya Nyumba ya Soko, na kanisa lilijaa hadi milangoni. Eirwen alisimama kwenye varanda akiwagawia watu vijitabu kwa mikono miwili, uso umemng'aa. Dilwyn alimwingiza dada yake kwa mlango wa pembeni ili asipande ngazi, wakakaa mahali pa akina Pugh, benchi la nne upande wa kaskazini, ambapo upepo hupenya kila mwaka na kila mwaka hulalamikiwa. Morfudd alikuwa na kitabu cha Lowri mapajani, kimefungwa kwa kitambaa. Pumzi yake ilisikika, lakini macho yalikuwa ya msichana.

Kasisi alimaliza sala, akasema Plygain iko wazi, akakaa. Kimya. Akina Bebb wa shamba la juu waliinuka kwanza, watu wanne, wakaenda mbele bila neno, wakaimba, wakarudi. Hakuna aliyepiga makofi. Hapa hapapigwi makofi, na wageni walishaambiwa. Kimya tena. Wakainuka mapacha wawili wa marehemu mwenye bucha.

"Baada ya hawa," Morfudd alinong'ona.

"Baada ya hawa," alisema Dilwyn.

Mapacha waliporudi kukaa, alimshika dada yake kiwiko ili amwinue. Kumwinua kulichukua muda. Na katika muda huo, nyuma kabisa, watu kumi na wawili walikuwa wameshasimama, wageni waliovaa skafu za rangi moja, wakipita katikati ya kanisa kwa adabu kubwa kwenda mbele. Kiongozi wao, bwana mnene mwenye mvi aitwaye Hartley, alitoa sauti ya kuanzia. Wakaanza kuimba nyota ya Lowri Pugh.

Hakuna aliyegeuka. Lakini benchi baada ya benchi Dilwyn aliona shingo za watu wa Tremeilir zikikakamaa. Wageni walikuwa wamejifunza kwa bidii, hilo lilisikika. Walitamka kila neno la Kiwelisi kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Waliimba vizuri. Ingekuwa nafuu kama wangeimba vibaya.

"Wameutoa wapi?" Morfudd aliuliza.

Mama mmoja mgeni aliyekaa mbele yao alikuwa na kijitabu wazi mapajani, anafuatisha maneno kwa kidole. Morfudd aliinama, akatazama juu ya bega la mama yule, akasoma. Alisoma hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye jina la Dilwyn. Kisha akaegemea nyuma taratibu na kuitengeneza kofia yake, ingawa haikuwa imepinda.

Dilwyn alitamani sakafu ipasuke immeze pamoja na benchi. Mbele, wageni walimaliza wachungaji, wakamaliza hori. Bwana Hartley alishusha mkono. Walisimama kidogo, kama watu waliofika mlangoni wakakuta hakuna kitasa, kisha wakarudi kukaa.

Hakuna aliyeinuka.

"Wa nne bado," Morfudd alinong'ona.

"Dada..."

"Wa nne hawakuimba. Simama, Dil."

"Wimbo umeshaimbwa."

"Umeimbwa wao. Huo wangu haujaimbwa. Nishike mkono tuende." Alikuwa ameshashika benchi la mbele, vidole vyeupe. "Ubeti mmoja tu. Pumzi ninayo. Twende kabla haijaisha."

Kanisa zima lilikuwa linangoja. Dilwyn alijua wanamngoja nani. Lau angesimama, hakuna mtu wa Tremeilir ambaye angenung'unika, hata kasisi, hata wafu waliolala nje chini ya mvua. Lakini mkononi mwa kila mgeni kulikuwa na ukurasa wa tano, na katika ukurasa wa tano sheria yake kwa wino mzito. Aliyaona macho mia mbili yakimtazama Dilwyn wa Saa, mjuzi wa mila, akiivunja mila. Aliinuka nusu, akasita.

Upande wa pili wa kanisa, Mzee Ithel na wajukuu zake, waliodhani wenzao wameamua kukaa, waliinuka wakaenda mbele.

"Tungoje hawa wamalize," Dilwyn alisema, akakaa.

Baada ya hao wakaja wengine, na kila mara Dilwyn alisema moyoni, sasa, na kila mara mtu alikuwa mwepesi kuliko yeye. Morfudd hakumwomba tena. Alikuwa ameuachia mkono wa benchi. Mwishoni kasisi aliinuka, na kama ilivyo desturi wanaume wote wa mji wakatoka kwenye mabenchi kwenda mbele kuimba wimbo wa kufungia. Dilwyn naye akaenda, kwa sababu wanaume huenda. Kutoka huko mbele alimwona dada yake peke yake kwenye benchi la nne, koti limefungwa vifungo hadi shingoni, kitabu bado kimo ndani ya kitambaa chake.

Kwenye chakula cha baada ya ibada, Bwana Hartley alimtafuta hadi akampata karibu na birika la chai.

"Wewe ndiye Pugh! Tumeuimba kwa heshima yenu, kama shukrani. Tulitaka msikie kwamba na sisi tunauthamini." Machozi yalikuwa yanamlenga, na mkono wake ulikuwa wa moto. Mtu mwema kabisa. "Hatukukosea sana?"

"Hamkukosea hata kidogo," alisema Dilwyn, na huo ulikuwa ukweli mchungu kuliko yote ya jioni ile.

Alimrudisha Morfudd nyumbani kwa gari. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Walipofika mlangoni ndipo Morfudd aliposema.

"Yule wao wa sauti ya chini anakushinda."

"Najua."

"Mwenzio hakimbii kwenye wa pili." Alitafuta funguo mfukoni, akazipata, akabaki amezishika. "Kuandika si neno, Dil. Umeandika vizuri, hata mimi sikujua Lowri alitembea maili sita. Nimekusamehe hata kabla hawajakaa. Lakini ungesimama. Hata kama wangetufukuza humo ndani, ungesimama tu na mimi."

"Mwakani, dada," alisema Dilwyn, akalisikia neno lenyewe likianguka.

Morfudd alimpigapiga shavuni mara mbili kwa mkono wenye glavu, kama alivyokuwa akifanya siku za baiskeli, akaingia ndani.

Alifariki Jumatano ya tatu ya Januari, wakati wa chai, akiwa kitini. Walimzika kwenye theluji iliyochanganyika na matope. Watu wa mji walikuja wote, wakaimba tenzi za kila mtu, kwa sababu wimbo ule haukuwa wao na mwenye kuuinua, Dilwyn, hakufungua kinywa. Usidhani hakujaribu. Usiku wa kuamkia maziko alikuwa ametoa kopo la biskuti chini ya kitanda, akafungua kitambaa, akaketi jikoni mbele ya kiti kitupu na kujaribu ubeti wa nne. Maneno alikuwa nayo. Lakini miaka hamsini yeye alikuwa ameimba sauti ya chini, na sauti ya chini, ukiondoa ile ya juu, ni noti tatu zinazopanda na kushuka kama mtu anayetembea chumbani akitafuta kitu. Noti za kitabuni zilikuwa za beti tatu. Ule wa nne Lowri aliufungulia njia nyingine ya sauti, na njia hiyo haikupata kuandikwa. Mama alimpa binti, shangazi akampa mpwa, mpaka ikafika kwa Morfudd ambaye hakuwa na mtoto. Dilwyn alikuwa ameisikia kila mwaka wa maisha yake. Akaitafuta hadi majivu yakapoa kwenye jiko, asiipate. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuja akakaa kabisa.

Mwezi wa Aprili Bwana Hartley alirudi. Eirwen alimleta hadi chini ya Nyumba ya Soko, ambapo Dilwyn alikuwa anafagia kinyesi cha njiwa kwenye jiwe la wanawake wa soksi. Eirwen alikuwa na daftari. Kijitabu kilikuwa kimekwisha chote, na kamati imeamua kukipiga chapa upya.

"Kurasa kumi na mbili safari hii," alisema. "Nafasi ipo."

Bwana Hartley alivua kofia. Alitoa pole ya dada, na aliitoa kwa moyo. Kisha akasema, "Kuna jambo limekuwa likinisumbua tangu siku ile, Bwana Pugh. Tunauimba wimbo wenu kila wiki, na kila tukifika mwisho tunahisi haujaisha. Waimbaji wangu wananiuliza. Hakuna ubeti mwingine?"

Lori la kondoo lilipita likielekea mnada wa mji mwingine. Dilwyn alingoja hadi lipite.

"Hakuna," alisema. "Ni hizo tatu."

"Hata zamani?"

"Hakuna, bwana."

Bwana Hartley alimgeukia Eirwen Bebb ili apate uhakika. Eirwen alikuwa amezaliwa hatua mia moja kutoka jiwe lile. Krismasi hamsini na nane alikaa kwenye benchi la tatu, mbele kabisa ya akina Pugh, na ubeti wa nne aliusikia hatua chache mbele yake kila mwaka. Alimtazama Dilwyn, na ufagio, na mikono iliyoushika. Kisha akainamia daftari lake na kuandika: beti tatu.